Bomba la kijiji limekauka? Jua unagonga mlango gani kabla hujachoma nauli

Jamani kuna kitu watu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini Tanzania, kuanzia Rungwe, Makete mpaka Mufindi, wengi bado hawajakishika. Bomba likikauka wiki mbili mnachanga nauli, wawakilishi wanaenda halmashauri kumuona injinia wa maji, wanakaa benchi mpaka saa nane afu wanaambiwa injinia hayupo hapa siku hizi. Na kweli hayupo. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yalitolewa halmashauri yakapelekwa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini uliozaliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira namba 5 ya mwaka huo huo, na uko chini ya Wizara ya Maji. Kwahiyo unayemtafuta ni meneja wa RUWASA wa wilaya, akikupiga danadana panda kwa wa mkoa. Mimi nishatembea na barua moja miezi mitatu, kila ofisi wanagonga muhuri wananirudishia, sizitaji.

Ila kabla ya meneja jiulize tatizo lenyewe ni la nani. RUWASA wanapanga mradi, wanachora, wanajenga, wanachimba visima, afu wanasajili na kusimamia vyombo vya watumia maji. Koki inavuja, fundi haonekani, hela ya ndoo haijulikani imeenda wapi, hiyo anzia kwa chombo chenu, ile mnayoiita kamati ya maji au jumuiya, kwenye makaratasi utaikuta imeandikwa CBWSO. Hao mmewachagua wenyewe, waiteni kwenye mkutano wa kijiji wasome mapato na matumizi, wakigoma ndo mnapanda wilayani.

Tuje kwenye hela maana hapa ndo ugomvi. Mradi mpya unajengwa kwa bajeti inayopitishwa bungeni, mikopo na misaada (Benki ya Dunia wamo sana), na Mfuko wa Taifa wa Maji. Huo mfuko unakula tozo ya shilingi 50 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, yani hata wewe wa bodaboda pale Tukuyu unauchangia kila ukijaza tenki. Sasa watu wakisikia hivyo wanasema basi serikali ishalipa, ndoo iwe bure. Hapana. Mradi ukishakabidhiwa, mshahara wa fundi, koki, umeme au dizeli ya pampu vinatoka kwenye ndoo zenu. Kama mna maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, shukuruni milima, gharama ni ndogo, kwahiyo mkitozwa sawa na kijiji cha pampu ya dizeli mna haki ya kuuliza kwanini.

Na kuuliza kwenyewe uliza na hesabu mkononi. Uniti moja ni lita 1000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Soma mita ya kituo cha kuchotea tarehe 1, soma tena mwisho wa mwezi. Tuseme zimetoka uniti 120, hizo ni ndoo 6,000, kwa shilingi 20 ilitakiwa ipatikane 120,000. Wakisoma 70,000 usianze kuita mtu mwizi, labda maji yanavuja au kuna watu wanachota kwa mkopo, ila waoneshe hayo madaftari.

Ukitaka kuvuta maji ya mto kumwagilia parachichi hapo RUWASA hawahusiki, kibali kinatoka bodi ya maji ya bonde lenu kwa sheria ya rasilimali za maji namba 11 ya 2009. Rungwe na Kyela ni Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi Tukuyu. Mbarali na Iringa ni Rufiji, ofisi Iringa mjini. Chunya kwa sehemu kubwa ni Rukwa, ofisi Mbeya. Na ile marufuku ya kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ni sheria ya mazingira ya 2004, najua watu wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hawapendi kuisikia, lakini mikaratusi juu ya chemchemi ya kijiji kwa kweli hata bila sheria ni kujikausha wenyewe.

Wa mjini bili ikikuchanganya anza na mamlaka yako ya maji, wasipokujibu nenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, wana ofisi ya kanda Mbeya.

Barua andika nakala mbili, ipite kwa mtendaji wa kijiji, taja kituo gani, kimekauka tangu tarehe ngapi na kaya ngapi zinakitegemea. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo wewe.