SOMO: Kutazama mchoro wa penseli wa kijiji cha Uholanzi kabla ya kuuliza bei

Kila wiki naletewa picha ya fremu iliyo ukutani na swali lile lile: "Hii ni ya Rembrandt?" Mandhari za Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, nyingi ni za wino na chaki nyeusi, si penseli. Haya, tuutazame mchoro wenyewe.

1. Utoe ukutani, uuweke mezani. Mikono mikavu, shika kingo tu.

2. Inamisha karatasi dirishani. Penseli iliyokandamizwa hung'aa kama chuma na huacha mfereji mdogo. Lenzi ya mara 10 ikionyesha nukta zilizojipanga safu safu, hiyo imetoka mashineni.

3. Tafuta upeo wa macho. Nchi ni tambarare, hivyo mara nyingi uko chini ya nusu. Mbingu ni karatasi tupu, na si uvivu: ndiyo inayoupa mnara wa kanisa urefu wake.

4. Kinu cha upepo. Hapa twende taratibu, maana hata mimi niliwahi kuteleza. Kinu cha Kiholanzi, ukikitazama kwa mbele, huzunguka kinyume cha saa. Kila panga (mkono wa kinu unaozunguka) lina mti mmoja mrefu na kimia, yaani wavu wa mbao wa kufungia tanga. Kimia hufuata nyuma ya mti huo, kwa hiyo panga lililosimama juu kimia chake kiko kulia. Kikiwa kushoto, huenda picha imegeuzwa, kama iliyochapwa kwa bamba la shaba au kunakiliwa kutoka kwenye chapa hiyo. ONYO: hakikisha kwanza hutazami mgongo wa kinu. Ukiona miti ya mkia ikishuka kutoka kwenye kofia (paa la kinu) upande wako, huo ni mgongo, hesabu inageuka.

5. Mierebi kando ya mfereji: shina nene, kichwa kilichokatwa, vitawi vimesimama kama nywele. Mkono mzuri huvichora kwa mikupuo, vizito chini, vyembamba juu.

MASWALI

Juma_T: Nitajuaje kama ni penseli kweli?
— Hatua ya 2.

Juma_T: Kimia changu kiko kushoto! Feki?
— Umepiga kwa kamera ya mbele?
Juma_T: Ndiyo.
— Geuza simu.

Bi Salma: Mwalimu, wangu una mfereji wa penseli, ila hata sehemu nyeusi kabisa haing'ai. Kwa nini?
— Swali zuri, dada. Huenda umemwagiwa kitu cha kugandisha unga wa penseli. Mchoraji Mholanzi Van Gogh, akiwa mji wa The Hague, Uholanzi, mwaka 1882, alichora kwa penseli ya seremala kisha akamwagia maziwa: mng'ao unakufa, unga unashika, na unaweza kuongeza weusi juu yake. Usijaribu kwenye mchoro wa zamani!

Bi Salma: Na jua litaufifisha?
— Penseli haififii, karatasi ndiyo inayogeuka njano. Kata fremu ya karatasi nene isiyo na asidi, iwe kati ya mchoro na kioo. Kioo kikigusa, unyevu unanasa na unga unahamia kiooni.

Juma_T: Kwa hiyo bei gani?