Kuongeza wasifu kwenye akaunti za watumiaji wa Django

Modeli (darasa la Python linalowakilisha jedwali la hifadhidata) ya User inayokuja na Django, mfumo wa Python wa kuunda tovuti, haina namba ya simu wala picha. Mradi ukiwa mpya kabisa, rithi AbstractUser na uiandike modeli yako kwenye mpangilio wa AUTH_USER_MODEL kabla ya kuendesha migrate (amri inayounda majedwali) mara ya kwanza, hata kama leo huna cha kuongeza. Kubadilisha baadaye ni kazi ya mikono, kwa kuwa majedwali mengine yameshafungwa kwenye lile la zamani. Penye watumiaji tayari, weka jedwali la pembeni:

```python
class Wasifu(models.Model):
    mtumiaji = models.OneToOneField(
        settings.AUTH_USER_MODEL,
        on_delete=models.CASCADE,
        related_name="wasifu")
    simu = models.CharField(max_length=20, blank=True)
    picha = models.ImageField(upload_to="picha/", blank=True)
```

Simu iwe CharField, maana IntegerField hupoteza sifuri ya mwanzo. ImageField inadai Pillow, maktaba ya picha ya Python, iwe imesakinishwa.

Jedwali ni rahisi. Kinachosumbua ni kuhakikisha kila mtumiaji ana wasifu. Tumia signali, yaani taarifa ambayo Django hutuma tukio fulani linapotokea, kama vile kuhifadhiwa kwa mtumiaji. Kwenye signals.py:

```python
@receiver(post_save, sender=settings.AUTH_USER_MODEL)
def unda_wasifu(sender, instance, created, raw=False, **kwargs):
    if created and not raw:
        Wasifu.objects.create(mtumiaji=instance)
```

Faili hili liingizwe (import) ndani ya ready() ya AppConfig, darasa lililo kwenye apps.py. Ukisahau, hutaona kosa lolote; wasifu tu hautaundwa. Sharti la raw linazuia loaddata (amri ya kupakia data kutoka kwenye faili) isigongane na wasifu uliomo tayari kwenye data inayopakiwa. Na bulk_create haitumi signali, kwa hiyo watumiaji walioingizwa kwa wingi waundie wasifu mwenyewe.

Wengi huongeza kitendakazi cha pili kinachoita instance.wasifu.save() kila mtumiaji anapohifadhiwa. Usikiweke. Mtu akiingia, Django huhifadhi last_login, na signali hiyo hiyo hulia. Mtumiaji wa zamani asiye na wasifu atakutana na RelatedObjectDoesNotExist na kushindwa kuingia. Hao wa zamani waundie wasifu kwa migresheni ya data: endesha makemigrations --empty ukitaja jina la app, kisha ndani ya RunPython wapitie watumiaji wasio na wasifu, kwa kuchuja na wasifu__isnull=True. Modeli zichukuliwe kwa apps.get_model, si kwa import ya kawaida, la sivyo migresheni itavunjika siku modeli itakapobadilika.

Unapoorodhesha watumiaji pamoja na wasifu wao, tumia select_related("wasifu"), inayovileta vyote kwa ombi moja. Bila hiyo, orodha ya watu 100 inaipigia hifadhidata hodi mara 101.

Kwenye ModelForm, yaani fomu inayotokana na modeli, taja simu na picha peke yake. Ukiandika "__all__", uga wa mtumiaji nao utatokea, na mtu ataweza kuuhamishia wasifu wake kwenye akaunti isiyo yake ambayo bado haina wasifu. Ipe fomu instance=request.user.wasifu pamoja na request.FILES, na HTML yake iwe na enctype="multipart/form-data". Picha isipohifadhiwa na fomu isilalamike, anza kukagua hapo: kwa sababu ya blank=True, fomu isiyo na picha hupita kama kawaida.