Projekta ya Nyumbani Imefifia: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Projekta nyingi huletwa mezani kwangu kwa maneno yale yale: "Fundi, imekufa." Nyingi hazijakufa. Zimejaa vumbi, au taa imechoka. Lakini zipo ambazo hata ukiziwekea taa mpya unatupa hela, na hizo ndizo nataka uzitambue kabla hujatoa shilingi.

Hatua ya 1: Soma saa za taa. Fungua menyu, ingia kwenye taarifa za mashine, utaona taa imewaka saa ngapi. Taa za zebaki kwa kawaida hupewa saa 2,000 hadi 5,000. Saa hizo zikiisha si kwamba taa inazimika. Mwanga unakuwa umebaki kama nusu. Kama ulinunua mashine iliyotumika, usitegemee sana hesabu hiyo, maana kuirudisha sifuri ni kubonyeza tu.

Hatua ya 2: Safisha. Chomoa waya, iache ipoe kabisa, toa chujio la hewa. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, chujio hutoka limevaa blanketi la kijivu unaloweza kulibandua kwa kucha. Hapo joto halina pa kutokea, mashine inajizima katikati ya mechi. Tumia brashi laini au pampu ya upepo, na uzuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Usipulize kwa mdomo. Mate hayafai humo ndani.

Hatua ya 3: Kipimo cha ukuta mweupe. Hii ndiyo hatua inayoamua. Usiku, zima taa za chumba, weka kwenye flashi picha tano tupu: nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Zioneshe moja moja, ukae karibu na ukuta.

Kwenye projekta za LCD (zinazopitisha mwanga kwenye paneli ndogo za kioo), tafuta doa la njano kwenye nyeupe. Ukiliona, weka bluu: pale pale patakuwa pamefifia. Njia ya bluu ndiyo huunguzwa upesi na mwanga mkali, na kubadilisha paneli mara nyingi hakulipi. Kwenye za DLP (zinazoakisi mwanga kwa chipu yenye vioo vidogo sana), tafuta vidoti vyeupe visivyozimika hata kwenye nyeusi. Hivyo ni vile vioo vya chipu vilivyokwama, na vikishaanza huongezeka.

Ukiona wingu, usikate tamaa. Zungusha fokasi. Likizidi kuonekana wakati picha inapotea, hilo ni vumbi, linasafishika.

Kuna mama mmoja nilimwekea taa mpya bila kufanya kipimo hiki. Picha iling'aa, na doa la njano nalo likang'aa. Hela yake ilikuwa imeshakwenda, na iliniuma. Siku hizi siuzi taa kabla sijauona ukuta.

Hatua ya 4: Ulizia bei ya taa. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye kasha la taa, siyo jina la projekta peke yake. Kioo chake usikiguse kwa vidole. Ikipasuka, fungua madirisha na mtoke chumbani kwanza, kwa sababu ndani mna zebaki. Kipimo changu: taa na ufundi vikizidi nusu ya bei ya mashine nzuri ya kuibadilisha, sitengenezi.

Hatua ya 5: Angalia uwezo wa mashine yenyewe. Kama picha yake halisi ni vidoti 800 kwa 600 na haina HDMI (tundu la waya wa picha na sauti), king'amuzi chako kitakusumbua na matokeo kwenye kona ya skrini hayatasomeka vizuri. Hiyo iache ipumzike, tafuta ya 1920 kwa 1080. Ikiwa ni ya 1920 na paneli ni safi, itengeneze bila kusita.

Ukinunua mpya, ulizia lumeni (kipimo cha mwanga) za ANSI au ISO, yaani zilizopimwa kwa viwango rasmi. Tarakimu kubwa za kwenye boksi bila maneno hayo usizitegemee. Ya leza hutajwa kudumu kama saa 20,000, yaani zaidi ya miaka 13 kwa saa nne kila siku. Na kwa umeme wetu unaokatika ghafla, feni ikasimama huku taa ina moto, ya taa inahitaji UPS (betri ya akiba).

Ukiamua kuchukua iliyotumika, nenda dukani na ile flashi ya picha tano, uombe wafunge pazia kabla hujalipa.