Kupanda mlima ukiwa na madeni: nilivyoanza na Loleza

Magunia yangu 80 ya mchele wa Kyela yalinyeshewa njiani kwenda Dar. Turubai lilichanika, gari likalala njiani siku mbili, na mzigo ulipofunguliwa ulikuwa umeshaanza kunuka. Nusu ya mtaji ule ulikuwa mkopo wa kikoba. Kwa miezi mitatu nilikuwa natoka nje jioni tu, giza likishaingia, nisije nikakutana na mwanakikoba mwenzangu. Simu nilikuwa naizima tangu asubuhi.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mlinzi wa minara ya simu iliyoko juu ya Loleza, mlima ulio nyuma ya Mbeya mjini. "Dada, kesho naingia zamu," akaniambia. "Nisaidie kubeba chupa ya chai." Mpaka leo sijajua kama shida yake ilikuwa chai kweli.

Kwa hiyo ninayoandika hapa si ya mtu wa mazoezi. Ni ya muuza mchele wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwenye miaka 44 na kilo zake.

Anza na mlima ulio nyuma ya nyumba yako. Kilimanjaro inataka hela, na hela ndiyo hiyo huna. Sisi wa Mbeya mjini tuko tayari kwenye mita kama 1,700 na Loleza ina mita 2,650 hivi, kwa hiyo unapanda chini ya kilomita moja kwenda juu. Asiyezoea ajipe saa tatu kupanda na mbili kushuka. Toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Miezi mizuri ni Juni mpaka Oktoba, ila Juni na Julai baridi ya huko juu inang'ata masikio, chukua kofia. Mvua zikishaanza Novemba, mawe yanateleza na mchana kuna radi. Ukisikia ngurumo, geuza, hata kama kilele unakiona.

Usipande peke yako, hasa sisi wanawake. Tafuta mtu mmoja asiye na maswali mengi. Anayetaka umsimulie hasara yako tangu mwanzo atakumalizia pumzi. Nyumbani acha taarifa utarudi saa ngapi.

Sasa mwendo, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Siku ile niliondoka kwa hasira, kama naenda kugombana na mtu. Dakika ishirini nyingi, nikawa nimeinama kwenye mikaratusi, mikono magotini, natema mate mazito kama uji. Jirani hakunipa pole. Alisema, "Hesabu hatua arobaini, simama, vuta pumzi kumi, hesabu nyingine." Nikadhani ananitania. Nilihesabu mpaka tukatoka kwenye miti, tukaingia kwenye majani mafupi na upepo, na nilipogeuka Mbeya yote ilikuwa chini, mabati yanamemetuka, malori yanatambaa kwenye barabara kuu ya Tunduma. Nililikazia macho lori moja lenye turubai la bluu mpaka likapotea upande wa Uyole. Nilikuwa nalia, lakini miguu ilikuwa inaendelea kuhesabu.

Kipimo ni hiki: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, unakimbia. Punguza. Kichwa kikiuma sana au kizunguzungu kikija, kaa, kunywa maji, na kisipokwisha shuka.

Halafu simu usiizime. Siku ile niliiwasha nipige picha. Chini ya minara mtandao umejaa mpaka juu, na kabla sijafungua kamera akapiga mweka hazina wa kikoba. Nilipokea. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa bado nahema na sikuwa na nafasi ya kutunga uongo. Nikamwambia, "Mama, niko mlimani, mzigo umeoza wote, naomba nilipe elfu hamsini hamsini kila wiki." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mlimani unafanya nini?"

Ukishapanda Loleza mara tatu nne, nenda Ngosi, mlima wenye ziwa juu yake. Panda gari la Tukuyu, shuka Isongole, chukua bodaboda mpaka msitu unapoanzia. Si mbali, ila kipande cha mwisho kimesimama wima, unajivuta kwa mizizi. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, kimya, na wenyeji wana maneno yao juu ya maji yale. Yasikilize, usibishane.

Mlima Rungwe niliuacha wa mwisho, na wewe uache. Una mita kama 2,960, nao ni siku nzima ya msitu, mianzi, tope na ukungu unaoweza kukuficha aliye hatua tano mbele. Ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kuna kiingilio na kuna waongozaji. Ulizia kabla ya siku. Mwongozaji si anasa, njia zinapotea. Wetu alitusimamisha ghafla, kidole mdomoni, tukasikia mlio kama honi ya zamani. Kipunji, akasema, yaani nyani wa misitu ya huku. Wawindaji wa huku walikuwa wanamjua siku zote. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu. Sikumwona, niliona majani yanatikisika tu.

Mzigo: maji lita mbili, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, chai ya tangawizi, koti la mvua, tochi, soksi za kubadilisha. Suruali, au kitenge juu ya suruali kama unaona haya mtaani. Mimi kitenge nakivua tukishapita nyumba ya mwisho. Raba zenye meno zinatosha Loleza. Rungwe wenyeji wanapanda na mabuti ya mpira na wanatucheka sisi. Fimbo toka nayo nyumbani, usikate mwanzi wa hifadhi.

Na kucha za miguu zikate usiku wa kabla. Kwenye kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu saa nzima, na mimi kwa kudharau hilo nilipoteza kucha mbili, nikauza mchele wiki mbili nimevaa kandambili.