Mwaridi wa zambarau mpauko nyumbani: kuukuza na kuupamba Blue Moon nyanda za juu

Wanaonunua Blue Moon hapa Arusha hurudi na lalamiko moja. Maua ya kwanza yalikuwa ya zambarau mpauko, rangi ileile iliyowafanya watoe pesa. Yaliyofuata yakatoka ya kijivu, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Wanadhani mbolea imepungua, wanaongeza, na hali inazidi kuharibika. Mche hauna kosa. Kinachokosekana ni kivuli cha alasiri, na hatua nyingi hapa chini zinalenga kuupa mmea kivuli hicho na ubaridi unaokwenda nacho.

Blue Moon ilitolewa na Tantau, mzalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, mwaka 1964. Kwao huitwa pia Mainzer Fastnacht, na katika ukoo wake yumo Sterling Silver, waridi la Gladys Fisher wa Marekani la mwaka 1957. Ni waridi la kundi la haibridi tii: ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, tumba lililochongoka, na harufu nzito yenye dalili ya limau. Usitarajie bluu. Miwaridi haina kimeng'enya cha kutengeneza delfinidini, rangi inayotia bluu maua mengi. Zambarau hii inatokana na sianidini, rangi ileile ya mawaridi mekundu, ila ni kidogo na imegeuzwa na kemia ya ndani ya petali. Kwa kuwa ni kidogo, jua kali la mchana huipausha upesi.

Hatua ya 1: Chagua mche

Nunua mche uliobebeshwa, yaani Blue Moon iliyounganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine. Huku kwetu wakulima wengi wa maua hubebesha juu ya Natal Briar, aina ya mwaridi unaotumika kama shina la chini, ambayo mizizi yake ina nguvu na inavumilia udongo wetu. Tafuta kovu la kubebeshea karibu na udongo. Liwe limefunga vizuri, bila ufa wala weusi. Juu yake yawepo angalau matawi mawili yenye unene wa kidole cha mwisho. Mche wenye ua zuri na tawi moja jembamba, uache kitaluni. Ua litaanguka wiki ijayo na utabaki na tawi hilo jembamba.

Hatua ya 2: Mahali

Hapa usiwe na haraka. Mwaridi unahitaji jua la saa tano hadi sita kila siku, na kwa rangi hii jua hilo liwe la asubuhi: kuanzia saa moja mpaka saa saba hivi mchana. Baada ya hapo upate kivuli chepesi. Upande wa mashariki wa nyumba ndio bora kuliko pengine pote, kwa sababu ukuta wenyewe unazuia jua la alasiri. Ua wa michongoma ulio magharibi mwa bustani nao unafaa ukiwa na urefu wa kutosha.

Usipande chini ya mgrivelia au mparachichi ukidhani umepata kivuli cha bure. Mizizi ya miti hiyo itakunywa maji yote, na matone ya mvua kutoka kwenye majani yataulowesha mwaridi hata mvua ikiwa imekatika. Kabla ya kuchimba, simama hapo saa tatu asubuhi, saa sita, kisha saa tisa alasiri, uone jua linapiga wapi. Fanya hivyo tena miezi michache baadaye ikiwa unaweza, maana jua la Desemba hupita upande wa kusini na la Juni upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huhama nalo.

Hatua ya 3: Shimo na udongo

Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini na 50 kwa upana. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, isiyotoa harufu tena, na konzi mbili za unga wa mifupa. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5. Panda kovu la kubebeshea likiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Maelekezo ya nchi za baridi husema lizikwe ili barafu isiliue; sisi hatuna barafu, na kovu likizikwa hapa huoza. Kati ya mche na mche acha sentimita 80 ili upepo upite.

Mimi napenda kupanda vuli inapoanza. Masika ina maji mengi mno kwa mche mgeni, na majani yake hupata madoa kabla mizizi haijashika.

Hatua ya 4: Maji

Kiangazi, mwagilia lita 10 kwa kila shina mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwenye udongo tu. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Kwenye miteremko ya Meru tuna jambo letu la pekee: maji ya visima na mito mingi yana floridi nyingi, na mengine yana magadi. Maji ya magadi yakizidi, mwaridi hushindwa kunyonya madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka njano huku vishipa vikibaki kijani. Watu wakiona njano wanakimbilia mbolea ya CAN, ambayo ni ya nitrojeni, ilhali kinachokosekana ni chuma. Kinga maji ya mvua kutoka bati, uyatumie kwa miwaridi, na uongeze mboji. Majani mapya yatatoka na kijani chake.

Hatua ya 5: Mbolea

Baada ya maua ya kwanza kuisha, mpe konzi ndogo ya NPK 17:17:17, kama gramu 30, kila baada ya wiki sita, ukizungushia mbali na shina na kumwagilia mara moja. Nitrojeni ikizidi, matawi huwa laini na vidukari huja kwa wingi.

Hatua ya 6: Kupogoa kwa kufuata kipupwe

Huku kwetu mwaridi haulali, kwa hiyo wewe ndiye unayeuamulia lini upumzike. Rangi ya Blue Moon hutoka vizuri kuliko wakati wowote katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti. Toka kupogoa hadi ua kufunguka ni wiki saba au nane hali ya hewa ikiwa baridi. Basi hesabu kurudi nyuma: pogoa katikati ya Mei, masika inapopungua, na maua yatafunguka Julai, wakati mawingu ya asubuhi yanakaa mpaka saa nne.

Ondoa kwanza matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Matawi mazuri yapunguze hadi nusu. Kata kwa mkasi mkali, milimita 5 juu ya jicho linaloangalia nje, ili katikati ya shina pabaki wazi. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu ni la Natal Briar. Usilikate, fukua udongo ulishike, uling'oe kabisa kutoka pale lilipoanzia. Likikatwa hurudi na wenzake, na baada ya msimu mmoja huna Blue Moon tena.

Ukitaka ua kubwa la chombo, vunja kwa kucha matumba madogo ya pembeni yakiwa na ukubwa wa choroko.

Hatua ya 7: Magonjwa

Masika huleta madoa meusi, kwa sababu ukungu wake huhitaji jani likae na maji kwa saa saba hivi. Okota majani yote yaliyoanguka, uyachome. Kipupwe huleta ubwiri unga, ukungu mweupe juu ya majani. Nyunyiza salfa asubuhi, kamwe si kwenye jua kali. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni, ukikazia chini ya matumba.

Hatua ya 8: Kupamba bustanini na ndani

Zambarau mpauko humezwa na nyekundu. Ukiupanda karibu na bogenvilia nyekundu hakuna atakayeuona. Uweke na majani ya kijivu, kama lavenda au rozmari, na maua meupe. Penye nafasi ongeza waridi la rangi ya maziwa yenye umanjano kidogo. Zambarau hung'aa kando yake.

Kwa chombo, kata asubuhi mapema, petali moja au mbili za nje zikiwa zimeanza kuachia. Ukikata tumba likiwa limefumba kabisa, shingo huinama kesho yake na halifunguki tena. Acha angalau majani mawili kamili chini ya mkato. Ndani ya nyumba kata tena sentimita 2 kwa mshazari, toa majani yote yatakayozama, na tumia lita moja ya maji yenye kijiko kikubwa cha sukari, vijiko viwili vya maji ya ndimu na matone machache ya klorini ya kufulia. Badilisha maji kila baada ya siku mbili.

Birika la shaba au chungu cheusi hulifaa ua hili kuliko glasi. Liweke karibu na dirisha la kaskazini au mashariki. Chini ya taa ya njano usiku hugeuka rangi ya vumbi, kwa hiyo kwa shughuli ya jioni tumia taa nyeupe.

Na petali zikianza kuanguka, wale wenye asili ya pwani wanajua pa kuzipeleka: Blue Moon ina harufu ya kutosha kuingia kwenye kikuba, kishada cha kunukia wanachojipamba nacho wanawake, pamoja na yasmini na mrehani. Chukua petali za mashina ambayo hukuyanyunyizia dawa yoyote msimu huo.