Vile utaelewa seli za tezi zinavyoongea bila kukariri

Watoto wangu wa tuisheni hapa Kondele wakifika kwa homoni wanakariri majina, wiki ikiisha yote yameruka. Wacha hiyo. Chukua karatasi na biro, na kwa kila tezi jiulize tu nani anaiongelesha, na akinyamaza ama akizidisha kelele inakuwaje.

Anza na thairoidi, ile ya shingo. Chora pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, vuta mshale mpaka shingoni uandike TSH, homoni ya pituitari. Hiyo TSH inaambia seli za thairoidi vitu viwili kwa mpigo, tengenezeni homoni na mkue. Alafu mshale mwingine unarudi juu, hiyo ni homoni yenyewe ikiambia pituitari imetosha, punguza. Sasa toa ayodini kwa chakula uone: homoni inapungua, ule mshale wa kurudi unafifia, pituitari inazidi kupiga kelele, seli zinaongezeka mpaka shingo inafura, na hiyo ndio goita. Mtu anaona tezi kubwa anadhani iko na nguvu, kumbe imefokewa tu.

Adrenali, juu ya figo, ni kinyume. Mtu akimeza prednisoloni, dawa inayofanana na kotisoli, homoni ya adrenali, kwa muda mrefu, pituitari inaona ni kama kotisoli imejaa, inaacha kutuma ACTH, homoni inayoamsha adrenali, na adrenali inanywea. Ndio maana daktari anapunguza hiyo dawa polepole, usiikate mwenyewe ghafla tafadhali.

Kwa kongosho ndio wengi huanguka, juu wanachora kila mshale ukipitia damu. Hapa majirani wanaongea wenyewe. Vile visiwa vya seli ndani ya kongosho Paul Langerhans alieleza 1869, seli za beta ndani yake zimeunganishwa na vijitundu vya protini inaitwa koneksini 36, umeme unapita moja hadi nyingine, zinaachilia insulini kwa pamoja, kama wavuvi wa Dunga wakivuta wavu. Ziba vijitundu, kila mtu anavuta kivyake na mdundo unapotea. Pembeni kuna seli za delta zinatoa somatostatini, inawatuliza beta na seli jirani za alfa hapo hapo, kwa hivyo chora mishale mifupi.

Ukimaliza funika karatasi ujibu hii: mtu anameza tembe za thairoksini, homoni ya thairoidi, kupita kiasi, TSH inaenda wapi na tezi yake inafanyaje? Ukisema TSH inashuka na tezi inanywea, haya, twende figo.