Nome, Alaska: pata gari kwanza, tiketi baadaye

Hakuna barabara inayounganisha Nome na Anchorage, jiji kubwa zaidi la Alaska. Wageni wengi hufika kwa ndege. Magari ya kukodi ni machache mno, kwa hiyo thibitisha gari kabla hujalipia tiketi. Machi vyumba huadimika, maana mbio za mbwa za Iditarod huishia hapo.

Barabara tatu za changarawe hutoka mjini, na usitegemee kupata mafuta njiani. Kwenda kijiji cha Council ni kama kilomita 116, kurudi vilevile: jaza tangi, kagua tairi la akiba na jeki. Ukikimbiza, mawe makali yatachana tairi. Mwisho kuna mto Niukluk. Wenyeji huuvuka kwa magari yao, wewe ishia ukingoni. Simu nyingi hazishiki huko, basi mwachie mtu ratiba yako.

Dhahabu ya ufukweni, iliyovuta maelfu mwaka 1899, bado hupatikana kwa kuosha mchanga na maji kwenye karai. Uliza kwanza kipande kilicho wazi kwa umma. Chota kwenye mistari ya mchanga mweusi au mwekundu, maana dhahabu ni nzito na hutuama humo. Zungusha karai polepole, ukiharakisha, chembe huondoka na maji.